Balbu ya LED kwenye pikipiki: maswali ninayoulizwa kila siku kibandani

Kazi yangu ni umeme wa pikipiki, hapa Morogoro. Kuanzia saa kumi jioni, jua likianza kulegea, maombi ni yale yale: "Fundi, nifungie LED, usiku sioni." Mwingine anakuja na boksi mkononi, ameshanunua, anataka kufungiwa tu. Huyo ndiye anayenipa shida, maana mara nyingi kanunua kitu ambacho pikipiki yake haikitaki. Nimeandika majibu haya ili uyasome kabla ya kwenda dukani.

Taa yangu ni hafifu. LED ndiyo dawa?

Wakati mwingine. Ila kabla hujatoa hela, tazama mambo matatu.

La kwanza ni kioo cha mbele. Siku hizi ni plastiki, na jua likikipiga miaka miwili mitatu kinakuwa cha njano kama chupa ya mafuta ya alizeti. Msasa laini wa maji, namba 1000 kisha 2000, ukimalizia na polishi, unarudisha mwanga mwingi kwa hela ndogo.

La pili ni sahani, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu. Chungulia kwa tochi. Kama limebabuka au limekuwa la kijivu, hakuna balbu duniani itakayokusaidia, kwa sababu balbu yenyewe haimuliki barabara. Inayomulika barabara ni sahani. Nunua taa nzima.

La tatu ndilo wengi hawaliangalii: moto, yaani umeme, unaofika kwenye soketi. Mwezi uliopita kijana kaja na pikipiki ya 150, taa inawaka kama kibatari. Injini ikiwa inazunguka nikapima betri: volti 13.6. Nikapima kwenye soketi ya taa: 11.6. Volti mbili zimeliwa na waya wa hasi uliooza kwenye kona ya usukani. Mwanga wa balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye kijiwaya ndani, haupungui sambamba na volti, unaporomoka. Kwa upungufu ule, karibu asilimia 40 ya mwanga ilikuwa imepotelea njiani. Nikabadilisha waya na soketi, akaondoka na balbu yake ile ile, na hela ya LED ikabaki mfukoni. Wakati wa kulipa alinuna kidogo, alikuwa ameshajipanga kuonekana na taa nyeupe kijiweni.

Nitajuaje kama taa ya pikipiki yangu ni ya AC au ya DC?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ukiruka mengine, hili usiliruke.

Pikipiki nyingi ndogo, hasa za Kichina za 110 na 125, hazitoi moto wa taa kubwa kwenye betri. Zinautoa moja kwa moja kwenye koili iliyo ndani ya magineti, na huo ni moto wa AC, unaokwenda mbele na kurudi. Koili inakuwa na waya mbili: mmoja wa chaji ya betri, mwingine wa taa. Kwa nyaya za Kichina zinazofuata rangi za Honda, ule wa taa mara nyingi ni wa njano.

Washa ufunguo bila kupiga kiki, kisha washa taa kubwa. Ikiwaka, ni DC, moto wa betri unaokwenda upande mmoja tu. Isipowaka mpaka injini izunguke, na ikawa inafifia kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila resi, na kung'aa ukipiga resi, basi karibu kwa hakika ni AC. Nasema karibu kwa hakika kwa sababu kuna pikipiki za DC zilizotengenezwa taa isiwake mpaka injini iwake. Ili kumaliza ubishi, washa injini, weka mita kwenye volti za DC na upime kwenye soketi ya taa. Ikisoma 13 na kitu, imetulia, ni DC. Taa inawaka vizuri lakini mita inakupa kinamba kidogo kisichoeleweka, hiyo ni AC.

Kwa nini nakazania hivi? Halojeni ni kijiwaya kinachopashwa joto mpaka kitoe mwanga. Moto uende, urudi, kenyewe hakajali. LED inapitisha moto upande mmoja tu. Ukiifunga kwenye AC bila maandalizi, inawaka nusu ya muda na nusu nyingine imezima, mara nyingi kwa sekunde. Ukiwa umesimama unaweza usione. Ukianza kutembea, kokoto na mashimo yanaonekana yanarukaruka kama picha za kukatika. Na ule moto wa koili ukipanda ghafla unapopiga resi, saketi ndogo ya balbu inapigwa kila siku mpaka inakata roho. Balbu nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kuwa ni feki ziliuliwa hivyo. Ingawa feki za kweli nazo zipo.

Yangu ni AC. Nikate tamaa?

Hapana. Njia ziko tatu, kila moja na gharama yake.

Njia rahisi ni kutafuta balbu iliyoandikwa wazi kwamba inakubali AC na DC. Hizo zina kigeuza moto ndani yake. Nyingine zimeandikwa volti 9 hadi 80; hiyo ni ishara nzuri, maana yake inavumilia moto wa koili ukipanda ghafla. Kwenye silensa bado inaweza kupepesa kidogo, lakini barabarani inatulia.

Njia ya pili, ambayo mafundi wengi wanaikimbilia, ni kukata waya wa njano na kuvuta moto wa taa kutoka betri. Taa inatulia vizuri kabisa siku ya kwanza. Baada ya wiki betri imelala. Sababu ni kwamba upande wa chaji kwenye koili hiyo ni mdogo. Ulipangwa kulisha honi, indiketa, taa ya breki, basi. Piga hesabu: balbu ya wati 20 kwa volti 12 inakula ampea 1.7 hivi. Betri ya ampea-saa 5, ikiwa mpya na imejaa, isipopata chaji inakauka ndani ya saa tatu. Bodaboda anayeendesha kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku, huku akisimama kila kituo injini ikiwa silensa, hafiki. Ukitaka njia hii, chukua balbu ya wati ndogo, kumi hadi kumi na tano, na upime. Taa ikiwa imewashwa na injini kwenye resi ya kawaida ya safari, betri isome angalau 13.5. Ikisoma 12.4 na inaendelea kushuka, rudisha waya ulipokuwa.

Njia ya tatu ni ya kazi kamili: kung'oa mguu wa koili uliofungwa kwenye bodi, koili nzima itumike kuchaji, na kubadilisha rektifaya, kile kifaa kinachogeuza AC kuwa DC, iwe ya kuchukua pande zote mbili za moto. Hapo kila kitu kinakwenda kwenye betri na LED inafurahi. Lakini inabidi kufungua upande wa magineti. Fundi atakayekuambia ataimaliza kwa robo saa huku anachezea simu, muage kwa heshima.

Kuna imani kwamba ukifunga LED kwenye pikipiki ya AC betri itachaji zaidi kwa sababu taa inakula kidogo. Haichaji zaidi. Waya wa taa na waya wa chaji hapo ni njia mbili tofauti. Kwa pikipiki ya DC ndiyo, unafuu upo.

Dukani wananiuliza "H4 au ya kitako cha pini?" Niseme nini?

Chomoa balbu ya sasa uende nayo. Ndiyo jibu zima, lakini ujue unachokishika.

Yenye duara la bati lenye masikio matatu na miguu mitatu nyuma ni ukoo wa H4. Humo ndani kuna ndugu wawili wanaofanana sana: H4 yenyewe, ya wati 60 kwa 55, ambayo ni ya magari na pikipiki kubwa, na HS1, ya wati 35 kwa 35, ambayo ndiyo ipo kwenye pikipiki nyingi za Kihindi tunazopanda hapa. Masikio yao yanatofautiana kidogo makusudi ili usikosee. Hapa kwetu tunakosea kwa makusudi: fundi anachukua plaizi, anakata masikio, anasukuma H4 ya gari kwenye kikombe cha HS1. Wati karibu mara mbili. Swichi ya usukani inaanza kunuka, soketi inayeyuka, sahani ya plastiki inajikunja kama chapati. Nimeshabadilisha taa nyingi zilizoharibiwa hivyo kuliko zilizovunjwa kwa ajali.

Kwa LED hatari hiyo ya joto la wati haipo, kwa sababu LED ya soketi ya H4 yenyewe inakula wati chache. Lakini sikio likikatwa vibaya balbu inakaa pembeni, na balbu ikikaa pembeni mwanga unakwenda pembeni.

Zile za kitako cha mviringo chenye vipini viwili, unasukuma na kuzungusha, ni BA20d. Nyingine ya Kichina ina sahani ndogo ya bati na sikio moja pana. Zote zina LED zake.

Boksi limeandikwa wati 120 na lumeni 20,000. Kweli?

Uongo mtupu.

Nina mita ya ampea mezani. Boksi moja la namna hiyo nililipima: volti 13, ampea 1.4. Zidisha. Wati 18. Na LED ya kawaida inatoa kama lumeni mia moja kwa kila wati, ikiwa imepoa na imetengenezwa vizuri. Kwa hiyo hapo una lumeni elfu moja na mia nane, ukibahatika.

Usizidharau lakini. HS1 halisi imepangiwa lumeni 825 kwenye fulu, taa ya mbali, na 525 kwenye dimu, ya karibu. H4 ya gari ni 1,650 na 1,000. Kwa hiyo wati 18 za LED zinaweza kabisa kukuzidishia mwanga mara mbili. Shida ni kwamba lumeni zinahesabu mwanga unaotoka kwenye balbu pande zote, na wewe huendeshi ndani ya balbu. Unataka ule unaofika lami, mita hamsini mbele. Taa inayomulika majani ya mwembe nayo ina lumeni nyingi.

Nimefunga, inawaka kama uwanja wa taifa, lakini sioni mbali na madereva wananipigia taa. Kosa liko wapi?

Chomoa halojeni ya H4 au HS1 uitazame kwenye jua. Ndani kuna vijiwaya viwili. Cha mbele, ambacho ni cha dimu, kimelala juu ya kijibakuli cha bati kama mtoto kwenye kitanda. Kile kijibakuli ndicho siri yote. Kinazuia mwanga wa dimu usishuke chini, unapiga nusu ya juu ya sahani peke yake, na sahani inaurusha kuelekea chini, barabarani. Kijiwaya cha nyuma, cha fulu, hakina bakuli. Kinapiga sahani nzima na kukaa penye kitovu chake hasa, ndiyo maana kinafika mbali.

Sasa chukua ile balbu ya LED ya bei ya sahani mbili za wali maharage. Ina pande tatu au nne, kila upande umebandikwa utepe wa njano wa vichipu, vile vijidoa vinavyotoa mwanga, inang'aa pande zote kama hindi la kuchoma. Bakuli hana. Vichipu vyake ni vipana, haviko mahali kijiwaya kilipokuwa. Sahani haijui huo mwanga unatoka wapi, inautawanya. Mbele ya tairi kunakuwa kweupe pe, na jicho lako likizoea weupe ule wa karibu, giza la mbali linazidi kuwa giza. Huku dimu inampiga dereva wa basi usoni. Unadhani umepata mwanga, kumbe umepata ukuta.

Ukinunua, tafuta hivi: vichipu vidogo vilivyopangwa kwenye mstari mwembamba, bodi yake nyembamba, vichipu vya dimu viko mbele na vina kijibakuli cha bati chini yake, urefu kutoka kwenye masikio hadi kwenye vichipu unalingana na wa halojeni yako. Ziweke sambamba mezani ulinganishe kwa macho. Muuza duka mwelewa hatakasirika.

Ukiifunga, bakuli liwe chini. Balbu nyingi nzuri zina pete inayozunguka na skrubu ndogo ya alenki. Washa dimu ukiwa umetazama ukuta, legeza, zungusha kidogo kidogo mpaka mstari wa juu wa mwanga ukatike vizuri, kisha kaza. Dakika tano tu. Mafundi tunaoiruka hatua hii ni wengi, na nakiri miaka ya mwanzo nami nilikuwa humo.

Balbu tu, au ninunue taa nzima?

Kwa hela ikiruhusu, taa nzima iliyotengenezwa kuwa LED tangu mwanzo ni bora, kwa sababu sahani au lenzi yake ilichorwa kwa ajili ya vichipu hivyo. Za duara za inchi 7 na inchi 5 na robo tatu zinapatikana Kariakoo, na zinaingia kwenye pikipiki zenye taa ya duara. Yenye taa ya pembe ndani ya kava, kama nyingi za siku hizi, utalazimika kukata kava, na hapo ndipo urembo unapoanza kuwa ubaya.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kusikia mteja akiliuliza. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia. Taa za dimu za kisasa nyingi hazikati mwanga sawasawa: upande wa kando ya barabara mwanga unapanda kidogo kama kipembe ili uone mtembea kwa miguu, upande wa anayekuja unashuka. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia ukiifunga hapa, inapandisha mwanga kulekule anakotoka mwenzako. Hata uishushe vipi, kile kipembe kitampiga.

Utaijuaje? Taa zenye idhini ya Ulaya zina herufi E na namba ndani ya duara kwenye kioo. Karibu na hapo tafuta mshale. Ya kushoto ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ukiwa umesimama mbele ya taa unaitazama. Ya pande zote ina mshale wenye vichwa viwili. Ikiwa ni ya kipembe na haina mshale, ni ya kulia. Taa nyingi za pikipiki ndogo dimu yake ni bapa, sawasawa pande zote, hizo hazina tatizo popote. Njia isiyodanganya: iwashe dukani dhidi ya ukuta. Kipembe kikipanda kushoto, chukua. Kikipanda kulia, mwachie jamaa wa ng'ambo ya Rusumo. Na ile E inachapishwa kwa wino kwenye taa za kila aina, kwa hiyo macho yako ukutani yaamini kuliko maandishi.

Yenye feni au isiyo na feni?

Isiyo na feni, kwa pikipiki ya kazi.

Mwanga wa LED haubabui kama halojeni, lakini kitako cha vichipu kinapata joto kali, na joto lisipotolewa vichipu vinafifia kisha vinakufa. Feni inatoa joto vizuri sana kwenye gari. Kwenye pikipiki inayopita vumbi la Dumila na tope la masika, kale kafeni kanajaa mchanga, kanaanza kulia kama mbu, kananyamaza, na balbu inaungua baada yake. Chukua yenye mapezi ya aluminiamu, au yenye mikia ya waya wa shaba unaokunjua kama nywele. Pima nafasi iliyopo nyuma ya taa kwanza. Kuna pikipiki ambazo spidimita imekaa palepale, na kitako kirefu hakiingii. Kofia ya mpira ya nyuma lazima irudi mahali pake. Fundi akikuambia "hii haina kazi" huku anaitupa chini ya meza, iokote.

Namba za IP: IP67 maana yake vumbi haliingii na inavumilia kuzamishwa ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa. Inatosha hata kwa wanaooshea pikipiki mtoni.

Nyeupe, njano, au ile ya bluu?

Ya bluu achana nayo. Rangi inapimwa kwa kelvini: 3,000 ni njano, 4,300 ni ya maziwa yenye njano kwa mbali, 5,000 hadi 6,000 ni nyeupe, 8,000 ni bluu ya baa. Kadiri inavyokwenda kwenye bluu ndivyo inavyomuumiza machoni anayekuja, na lami iliyolowa inakuwa nyeusi tii. Anayepanda Lushoto au anayeishi Njombe penye ukungu, atafute ya 4,300 au hata 3,000. Wengine wote, 5,000 mnatosheka.

Nitaiseti vipi bila mashine?

Unahitaji ukuta, chaki, futi na rafiki. Tafuta sehemu tambarare, simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani. Wewe ukae juu yake, na kama kazi yako ni abiria, abiria akae pia. Hili ni muhimu mno: abiria anakandamiza springi za nyuma, pua ya pikipiki inainuka na taa inainuka nayo. Wengi wanaseti pikipiki ikiwa tupu, halafu wakibeba mama mwenye gunia la mchele wanamulika nyota.

Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, tuseme sentimita 90. Chora mstari ukutani sentimita 80, yaani kumi chini yake. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga uguse chaki hapo. Kwa mteremko huo dimu inafika kama mita 90 kwenye barabara tambarare.

Kwa nini nahesabu mita? Kwa sababu ukiwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka, mita 25 zimekwenda. Kisha breki kwenye lami kavu, nyingine zaidi ya 20. Jumla kama 48. Ukiwa kwenye 80, ni zaidi ya 70. Wateja wangu wanaopita katikati ya hifadhi ya Mikumi usiku nawaambia hesabu hiyo polepole, maana nyati ana rangi ya usiku na hana rifrekta.

Nikiongeza spoti mbili kwenye usukani?

Sina ugomvi na spoti kama zina swichi yake, rilei yake na fyuzi yake, na zinawaka pamoja na fulu tu. Usizivute kwenye waya wa honi. Wati 20 kila moja ni kama ampea tatu na nusu kwa mbili. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, na ikikatika usiifunge kwa karatasi ya sigara. Kumbuka tena habari ya AC na betri hapo juu, hapa inauma mara mbili.

Trafiki hawatanikamata?

Kwa dimu iliyosetiwa vizuri, mimi sijaona mteja wangu akisumbuliwa. Wanaosumbuliwa ni wenye taa za kupepesa, za rangi rangi, na zinazopofusha. Vimulimuli vya bluu na vyekundu ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Ukija navyo kibandani kwangu sifungi.

Tangu nifunge LED redio inakoroma.

Ni ile saketi ya balbu inayokata moto kwa kasi, inatoa kelele inayoingia kwenye FM. Sogeza waya wa erio mbali na taa, au badilisha balbu. Zile za bei ya chini kabisa ndizo zenye kelele.

Kioo kimeingia mvuke ndani, zamani hakikuwa hivyo.

Zamani halojeni ilikuwa jiko, ikiukausha. LED mbele yake haina joto. Angalia kofia ya mpira, angalia ufa kwenye gundi, kausha juani, ziba. Tundu dogo la chini la kupumulia usilizibe. Wengi wanalijaza silikoni, maji yanakosa pa kutokea.

Nimefunga haiwaki kabisa. Au fulu na dimu zimebadilishana.

LED ina chanya na hasi. Kama soketi inageuka, geuza. Kama imebadilishana, badilisha waya mbili kwenye soketi, ila zipime kwa testa. Usiamini rangi za waya kwenye pikipiki iliyoshapita mikono ya mafundi watatu. Na kale ka-taa kadogo ka bluu ka fulu kwenye dashibodi kakibaki kanawaka hafifu muda wote, ni moto mdogo unaorudi kupitia saketi ya balbu. Hakaharibu kitu, kanaudhi tu.

Ile balbu ya zamani niitupe?

Usiitupe. Halojeni ikiungua inaungua usiku, na LED vivyo hivyo, na maduka yamefungwa. Ifunge kwa kitambaa kikavu, iweke chini ya siti pamoja na plagi na spana yako. Unaposhika, shika bati, usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yakikaa kwenye kioo yanapika sehemu hiyo na balbu inapasuka mapema. Kama niliibadilisha mimi soketi, waya wa zamani sijaukata. Umekunjwa na kufungwa tepu upande wa kushoto wa usukani, unachomeka tu.